Uliza bei ya kioo kabla ya bei ya simu

Mama mdogo wangu alikuwa na namba ya siri yenye tarakimu 8 ndani yake. Naweza kuisema leo kwa sababu ameshaibadilisha. Asubuhi ile alikuwa amesimama ufukoni Rumonge, boti la mbao kutoka upande wa Fizi limeshafungwa kamba, magunia ya unga wa muhogo yanaonekana chini ya turubai. Mwenye mzigo alitaka alipwe kwanza kwa simu ndipo wapagazi waanze kushusha. Ndivyo biashara ya ziwani ilivyo kwa wengi wetu siku hizi: noti zinahesabiwa kidogo, na ujumbe wa simu ndio risiti.

Akatoa simu yake mpya ya mguso aliyoinunua siku nne kabla. Jina la mpokeaji alilichagua kwenye orodha, kiasi kilikuwa na sufuri nyingi, kwa hiyo hadi hapo mambo yalikwenda. Ilipofika zamu ya namba ya siri, 8 ikakataa. Akabofya tena. Akapangusa kioo kwa pindo la kitenge, akabofya kwa kidole gumba, akabofya kwa hasira. Safu nzima ya 7, 8 na 9 ilikuwa imekufa. Siku nne zote hakugundua, kwa sababu yeye huwapigia watu kwa kuchagua majina, na kwenye WhatsApp hutuma sauti tu.

Kijana mmoja wa boti akamwambia, "Mama, leta laini tuiweke kwenye ya kwangu." Wazo zuri. Lakini laini ya simu za siku hizi ni ndogo kama ukucha, na kitochi cha yule kijana kilitaka laini kubwa ya zamani. Kile kipande cha plastiki cha kuikalisha hakikuwepo. Kwanza kwanza, hata sindano ya kufungulia tundu la laini haikuwepo. Mpaka vyote viwili vipatikane, mteja mwingine alikuwa ameshafika na pesa taslimu, na unga ukaondoka kwenye toroli lake.

Hasara ile inaniuma kwa sababu mimi ndiye niliyemsindikiza mama mdogo kununua simu hiyo. Niliigeuza mkononi, nikaona kioo kinang'aa, nikasema, "Chukua, hii ni nzuri." Kung'aa! Kama vile mtu anayenunua mawese kwa kutazama rangi ya bidoni.

Tuliporudi dukani, muuzaji alisema mzigo ukishatoka haurudi, kisha akasema kosa ni protekta tuliyobandika. Tukaenda kwa fundi. Fundi akaipasha moto pembeni, akainua kioo taratibu, akatuonyesha mambo mawili. Kwanza, kioo hakikuwa cha kiwandani. Kilikuwa kopi, kimegandishwa kwa gundi iliyomwagika hadi kwenye fremu. Pili, kile kibandiko kidogo cheupe ambacho watengenezaji huweka ndani ya simu kilikuwa kimegeuka chekundu. Kibandiko hicho hubadilika rangi kikiguswa na maji. Kwa maneno mengine, "simu mpya kutoka nje, boksi halijafunguliwa" ilikuwa imeshakunywa maji mahali fulani duniani, ikavishwa uso mpya, ikarudishwa kwenye boksi na kuzungushiwa nailoni. Mashine ya kufunga nailoni ni kitu cha kawaida; boksi lililofungwa halithibitishi chochote.

Tangu siku hiyo nimejifunza. Nimekaa na mafundi, nimeharibu simu zangu mbili, na nimewachosha wauzaji wengi. Ninayoandika hapa ni kwa mfanyabiashara anayenunua simu yake ya kazi, na kwa yule anayenunua kumi za kuvukisha mpaka kwenda kuuza.

Tuanze na jinsi kioo chenyewe kinavyofanya kazi, maana ukijua hilo, majaribio mengine yote yanajieleza. Kuna aina mbili za vioo vya mguso. Ile ya zamani ilikuwa na tabaka mbili zinazogusana ukizibonyeza. Ilikubali kucha, kalamu, hata kijiti. Ile iliyopo karibu katika kila simu janja leo haihisi nguvu ya kidole. Inahisi umeme. Chini ya kioo kuna tabaka jembamba linaloonekana kama halipo, lenye mistari inayopitisha umeme kwa urefu na kwa upana kama nyavu. Kidole chako kinapogusa, kinavuta chaji kidogo sana mahali pale, na simu inapiga hesabu ya mstari gani umeguswa. Ndiyo maana ukucha haufanyi kazi, wala kidole kilichovaa glavu ya mpira, na ndiyo maana tone la maji linaweza kuichanganya simu ikadhani ni kidole. Na ndiyo maana sehemu iliyokufa mara nyingi huwa ni utepe ulionyooka, si doa: mstari mmoja au zaidi wa ile nyavu umekatika. Safu ya 7, 8 na 9 ya mama mdogo ilikuwa ni mistari iliyokatika.

Sasa jaribio ambalo halihitaji namba yoyote ya siri wala fundi. Washa simu. Kwenye ukurasa wa mwanzo shikilia alama ya programu yoyote mpaka iachie, ianze kufuata kidole. Usiinue kidole. Ibururute polepole kutoka kona ya juu kushoto hadi kulia, shuka kidogo, rudi kushoto, shuka tena, kama mtu anayelima matuta, mpaka umalize kioo chote. Pale alama itakapodondoka au kuruka ghafla, pana kasoro. Rudia palepale mara tatu. Ikidondoka mahali pale pale mara zote tatu, irudishe simu kwa mwenyewe na umshukuru. Jaribio hili ni la dakika moja. Lingemwokolea mama mdogo magunia yake.

Ukitaka uhakika zaidi, simu za Android zina njia ya kuonyesha njia ya kidole. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya maelezo ya simu, bofya mara saba kwenye namba ya toleo la programu. Menyu ya watengeneza programu itafunguka, na ndani yake kuna chaguo la kuonyesha mahali kidole kilipo. Ukiliwasha, kila unapopitisha kidole unaacha mstari. Mstari ukikatika, umeona. Kwa Samsung nyingi unaandika *#0*# kwenye sehemu ya kupigia na menyu ya majaribio inatokea, pamoja na kurasa za rangi. Kwa Xiaomi ni *#*#6484#*#*. Simu iliyoandikwa Samsung mgongoni ikikataa kabisa namba yake, jiulize imetoka wapi, ingawa si kila toleo linaikubali.

Kuna kasoro mbaya kuliko sehemu iliyokufa, nayo ni kioo kinachocheza chenyewe. Hujagusa kitu, herufi zinajiandika, programu zinafunguka. Kwa mtu wa pesa za simu hii ni hatari kubwa: sufuri moja inaweza kujiongeza kabla hujaona. Kioo kinachocheza mara nyingi hakijionyeshi dukani, kwa sababu dukani simu imepoa na haijachomekwa kwenye chaja. Kwa hiyo iweke kwenye chaja, tena chaja itakayokuja nayo ndani ya boksi, kisha andika ujumbe mrefu ikiwa inachaji. Chaja mbovu humwaga umeme usiotulia, na kioo dhaifu huusoma kama vidole. Halafu fungua video, iache icheze dakika kumi, simu ipate joto, uburute tena. Muuzaji atakunja uso. Mwache akunje, pesa bado iko mfukoni mwako.

Baada ya mguso, macho. Wengi wetu tunatazama simu ikiwa imewaka, na picha ya rangi rangi aliyoiweka muuzaji. Mimi siku hizi ninaanza ikiwa imezimwa. Ninatoka nayo juani, ninailaza usawa wa jicho, ninatazama pale kioo kinapokutana na fremu. Kioo cha kiwandani kimekaa sawa pande zote. Kilichobadilishwa mara nyingi kina mwanya unaopitisha ukucha upande mmoja, au uzi wa gundi, au kona iliyoinuka. Protekta iliyobandikwa dukani omba iondolewe. Huenda ina nia njema, lakini pia ni blanketi zuri la kufunikia mikwaruzo.

Kisha iwashe na ufungue ukurasa mweupe mtupu. Tafuta madoa ya manjano, tafuta nukta nyeusi isiyowaka. Fungua picha nyeusi tupu, uingie kivulini au uifunike na khanga: mwanga ukivuja pembeni, kioo kimebanwa vibaya. Hapa ndipo kopi nyingi hukamatwa. Kuna vioo vinavyoitwa AMOLED, ambavyo kila nukta huwaka yenyewe. Kwenye picha nyeusi nukta zinazimika, na weusi unakuwa weusi kweli. Vile vya LCD vina taa nyuma, kwa hiyo weusi wake ni kijivu kidogo gizani. Vyote viwili vinaweza kuwa vizuri. Lakini ukiuziwa simu ambayo kiwandani hutoka na AMOLED, na gizani weusi wake unang'aa kijivu, basi kioo kile kimebadilishwa kwa cha bei rahisi. Na kama ni AMOLED iliyotumika sana, tazama kwenye ukurasa mweupe: kivuli cha vitufe vya chini au cha alama ya betri kinaweza kuwa kimebaki pale daima. Hakifutiki.

Jua la Tanganyika nalo ni fundi. Ukiwa ndani ya boti saa sita mchana, maji yanarudisha mwanga usoni, na simu iliyokuwa nzuri chini ya bati la duka haionyeshi kitu. Ongeza mwanga hadi mwisho, simama nje, jaribu kusoma ujumbe wenye namba. Ukilazimika kuinama na kufunika kioo kwa kiganja, hiyo ni simu ya sebuleni.

Na mikono yetu je? Rumonge ni mji wa mawese na ndagala. Mwandishi wa matangazo ya simu hajawahi kufikiria mtu aliyetoka kumimina mafuta kwenye bidoni akajaribu kufungua simu kwa alama ya kidole. Vioo vizuri vina tabaka la juu linalokataa mafuta. Ukipangusa mara moja, alama za vidole zinaondoka. Kopi nyingi hazina tabaka hilo, na vidole vinakwama badala ya kuteleza. Weka tone la mafuta au hata jasho la paji la uso, pangusa kwa kitambaa kikavu, uone. Kisha weka tone la maji, ulipanguse, uandike namba zako mara moja. Kioo kizuri kitababaika kidogo tu kisha kurudi. Kingine kitapiga namba ambazo hukuzitaja. Simu ikiandikwa kwamba inahimili maji, usiende kuijaribu ziwani: kinga hiyo ni mpira na gundi pembezoni mwa kioo, na simu iliyowahi kufunguliwa huenda haina tena.

Jaribio la mwisho la kioo ni kupiga simu. Weka sikioni. Kioo kinatakiwa kuzimika chenyewe ukikileta karibu na shavu, na kuwaka ukikiondoa. Pale juu kuna kihisi kidogo kinachofanya kazi hiyo, na mtu akibadilisha kioo kwa haraka hukiziba au hukiharibu. Kisipofanya kazi, shavu lako litakata simu, litaweka kipaza sauti, litampigia mkweo katikati ya mazungumzo na mteja wa Uvira.

Nimekaa sana kwenye kioo kwa makusudi. Katika simu za bei ya kati na ya chini, ambazo ndizo tunazonunua, kioo ndicho kinachovunjika kwanza na ndicho chenye gharama kubwa kukibadilisha. Kwa hiyo nina kanuni moja ambayo wauzaji hawaipendi: kabla sijauliza bei ya simu, ninakwenda kwa fundi wa mtaani kuuliza bei ya kioo chake, na kama anacho. Simu yenye jina kubwa ambayo kioo chake kinaagizwa Dubai na kufika baada ya wiki tatu, kwangu ni duni kuliko Tecno au itel ya kawaida ambayo kioo chake kimo kwenye droo ya kila fundi kutoka Rumonge hadi Nyanza-Lac. Kampuni inayotengeneza hizo, Transsion ya Shenzhen, imejenga soko lake kwa kuuza kwa watu kama sisi, na simu zenye laini mbili ni sehemu ya hesabu hiyo. Mtu mwenye laini ya Burundi na ya Kongo, au ya Tanzania, anaelewa thamani yake. Sisemi ni simu bora duniani. Ninasema zinatibika.

Mengine nitayapitia haraka. Maandishi ya boksi siku hizi yana hila iliyo halali kabisa: utaona "16GB" kubwa, na chini yake kwa herufi za sisimizi, 8+8. Nane ya pili si ramu. Ni nafasi iliyokopwa kwenye hifadhi ya simu, nayo ni ya polepole. Hesabu namba ya kwanza tu. Hila isiyo halali ni simu feki inayodai giga 128 wakati ina 16. Mipangilio yake imefundishwa kusema uongo. Ijaze kwa video kubwa kadhaa, kisha uzifungue. Zilizozidi ukubwa wa kweli hazitafunguka.

Namba ya IMEI tunaisikia sana, lakini wachache wanaitumia. Andika *#06#. Itatokea namba yenye tarakimu 15, au mbili kama simu ina laini mbili. Lazima ilingane na ya kwenye boksi. Lakini boksi linaweza kuchapishwa, kwa hiyo kuna hesabu ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi anaiweza. Tarakimu ya mwisho ni ya kupimia zile 14 za mbele. Chukua mfano unaotumika sana kufundishia, 490154203237518. Kuanzia ya pili, zidisha mara mbili kila tarakimu inayokaa nafasi ya pili, ya nne, ya sita, hadi ya 14. Jibu likizidi 9, jumlisha tarakimu zake mbili. Hapa unapata 9, 2, 8, 0, 4, 5 na 2, jumla 30. Zilizobaki katika zile 14, yaani 4, 0, 5, 2, 3, 3 na 5, jumla yake 22. Pamoja 52. Ongeza ya mwisho, 8, unapata 60. Jumla ikiishia na sufuri, namba ina umbo sahihi. Isipoishia na sufuri, imetungwa na mtu asiyejua hesabu hii. Ikiishia na sufuri bado inaweza kuwa imenakiliwa kutoka simu nyingine, kwa hiyo hesabu inakataa feki za kijinga tu.

Mwenye kuvuka mpaka asiidharau namba hiyo. Kenya ilizima simu feki mwishoni mwa Septemba 2012. Tanzania ilifanya hivyo tarehe 16 Juni 2016, na mtu aliyekuwa na shehena ya simu feki Kigoma siku hiyo alilala na vipande vya plastiki. Huko Tanzania wateja walifundishwa kutuma IMEI kwa ujumbe kwenda 15090 na kupokea jina na aina ya simu. Mteja wako wa upande wa Manyovu huenda anajua kupima kuliko wewe unayemuuzia.

Kisha kufuli. Hili limekuwa tatizo jipya na litaongezeka. Nchi jirani watu wananunua simu kwa mkopo na kulipa kidogo kidogo. Safaricom ilianza mpango wa namna hiyo mwaka 2020, na kampuni za mikopo zinafanya vivyo hivyo. Simu ya mkopo ina programu inayoifunga kwa mbali malipo yakikoma. Mkopaji asiye mwaminifu akiiuza kabla hajamaliza, inavuka mpaka ikiwa nzuri kabisa, kioo safi, IMEI halali, bei ya kuvutia. Wiki chache baadaye inageuka jiwe mikononi mwa mtu ambaye hakukopa chochote. Kuirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani hakuondoi kufuli hilo. Kwa simu iliyotumika, mwambie muuzaji aifute yote mbele yako, iwake upya kama mtoto mchanga, kisha uiunganishe na intaneti. Ikidai akaunti ya Google au ya Apple ya mtu mwingine, au ikitaja kampuni ya mkopo, achana nayo hata kama anakuapia.

Kuhusu ushuru niseme moja tu, kwa sababu nimeona watu wakibishana mpakani bila sababu. Utaratibu rahisi wa biashara ndogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ule wa mzigo usiozidi dola 2,000 na cheti kilichorahisishwa cha uasilia, ni kwa bidhaa zinazotoka ndani ya nchi wanachama na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Simu ya China haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa sababu imenunuliwa Kigoma. Rwanda ilizindua kiwanda cha Mara mwaka 2019, na Kenya ilianza kuunganisha simu Athi River mwaka 2023, lakini hata hizo, kinachoamua ni cheti, si maneno ya muuzaji. Kwa hiyo omba risiti yenye IMEI iliyoandikwa juu yake, kila simu na namba yake. Risiti hiyo inakusaidia kwa afisa wa forodha, inakusaidia kwa polisi akiuliza kama ni ya wizi, na inakusaidia kwa muuzaji atakayesema hakujui. Uliza pia kama dhamana inafanya kazi upande wa pili wa mpaka. Mara nyingi jibu ni hapana, na ni afadhali ulisikie kabla.

Nikifikiria haya yote huwa ninakumbuka mwaka 2007. Machi ya mwaka huo M-Pesa ilianza Kenya. Tarehe 29 Juni iPhone ya kwanza iliwekwa sokoni Marekani, na watu wakaanza kuzoea simu isiyo na vitufe. Siku mbili baadaye, tarehe 1 Julai, Burundi ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya. Pesa kwenye simu, kioo cha kidole, na mpaka uliolegea, vyote katika miezi minne. Kongo imeingia Jumuiya mwaka 2022, na ziwa lote sasa lina Jumuiya pande tatu. Mama mdogo hakusoma tangazo lolote kati ya hayo, lakini siku ile ufukoni alisimama pale yote matatu yanapokutana, na 8 ikakataa.

Mwezi uliopita alinunua nyingine. Safari hii hakunichukua kama mshauri, alinichukua kama mbeba mfuko. Muuzaji alikuwa kijana mpole, akampa simu kwa mikono miwili. Mama mdogo akaizima kwanza. Akatoka nayo nje, akaitazama juani pembeni pote, akarudi, akaiwasha, akashika alama ya kamera, akaanza kulima matuta yake kwa kidole polepole, midomo imebana, kama mtu anayehesabu magunia.

"Mama, wewe ni fundi?" kijana akauliza.

"Mimi nauza unga," akajibu bila kuinua macho. Alifika safu ya tatu, akasimama, akafungua sehemu ya kupigia simu. Akabofya 7, 8, 9. Akabofya 8 tena, na tena, mara kumi na moja, mpaka kioo kikajaa nane.

Kisha akauliza bei ya kioo.